Nani Kaandika Draiva ya Kalamu Yako?

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa sanaa, wachoraji wenzangu, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nieleze meza yangu ya kazi: kompyuta, tableti ya kuchorea, skrini, na programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadili, ninazotengenezea picha kila siku. Nitaeleza. Ila naomba yote hayo niyapange nyuma ya swali moja, kwa sababu bila swali hilo orodha ya vifaa huchakaa kabla hata vifaa vyenyewe havijachakaa.

Kijana anayetaka kuanza kuchora kwa kompyuta hutujia akauliza, "Ninunue tableti gani?" Nasi tuliotangulia humjibu kwa namba. Viwango 8192 vya mgandamizo. Inchi 16. Asilimia kadhaa za rangi. Namba hizo zimeandikwa kwenye boksi, na ni rahisi kuzikariri. Kisichoandikwa kwenye boksi ni hiki: draiva ya kalamu hiyo, yaani ile programu inayoifanya kompyuta ielewe kalamu inasema nini, imeandikwa na nani, na msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, uko wapi? Hapo ndipo inapoamuliwa kama kifaa chako kitaishi miaka mitatu au kumi na mitano.

Tableti yenyewe haifi upesi. Haina kitu kinachozunguka ndani yake, na kalamu nyingi za leo hazina hata betri. Chini ya uso unaochorea kuna wavu wa nyaya unaotoa mawimbi ya sumaku na umeme. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo inayopokea nishati hiyo na kuirudisha. Tableti inaangalia ni nyaya zipi zimepokea marejeo kwa nguvu zaidi, nayo inajua ncha iko wapi. Ukikandamiza, mzunguko wa umeme ndani ya kalamu unabadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kuwa mgandamizo. Wacom, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoieneza teknolojia hii miongoni mwa wachoraji, na siku hizi watengenezaji wengine nao wana kalamu zisizo na betri. Kinachochakaa kweli ni ncha ya plastiki, nayo hubadilishwa kwa dakika moja.

Basi tableti inauawa na nini? Inauawa na programu. Mfumo endeshi mpya unatoka, mtengenezaji anaamua kwamba draiva mpya haitahudumia modeli za zamani, na kazi imekwisha. Nimeona tableti nzima, isiyo na mkwaruzo, ikifungiwa kabatini kwa sababu hiyo tu, na mwenyewe hana uwezo wa kununua nyingine. Jambo hilo linaniuma. Mchoraji amelipa, mkono wake umeizoea, kisha mtu asiyemjua anaamua kwamba imetosha.

Kwenye Linux, mfumo endeshi huria ninaoutumia, mambo yako tofauti, na nitaeleza kwa nini. Draiva ya tableti za Wacom imo ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo wenyewe, na wahandisi wa Wacom ni miongoni mwa wanaoitunza. Ukisoma orodha ya vifaa inavyovitambua utakuta modeli za Graphire na Intuos za kwanza kabisa, za mwishoni mwa miaka ya 1990, zimepangwa pamoja na za juzi. Hakuna aliyekaa akaamua kuzitupa. Msimbo uko wazi, unafanya kazi, na kuuacha pale hakumgharimu mtu kitu kikubwa. Unachomeka waya wa USB, unafungua programu ya kuchorea, unachora. Hupakui kitu, hujisajili popote.

Kwa tableti za kampuni nyingine kama Huion, XP-Pen na Gaomon, hali inahitaji uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndizo wengi wetu tunazoweza kuzinunua. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni draiva zilizomo kwenye keneli, ambazo nyingi zilitokana na mradi wa DIGImend. Watu wa mradi huo walikusanya tableti za aina nyingi, wakasoma data zinazotoka kwenye waya, wakaelewa kila kifaa kinazungumza vipi, kisha wakaandika draiva bila kupewa maelezo na watengenezaji wengi. Ya pili ni OpenTabletDriver, programu huria inayofanya kazi nje ya keneli, na hiyo hiyo unaitumia kwenye Linux, Windows na macOS. Ya tatu ni draiva za Linux zinazotolewa na kampuni zenyewe. Nafurahi kwamba siku hizi zipo, na kwa modeli mpya kabisa wakati mwingine ndizo pekee zinazofanya kazi. Lakini msimbo wake umefungwa, kwa hiyo zinakurudisha kwenye lile swali la mwanzo: siku kampuni ikiacha kuzitunza, hakuna jirani atakayeweza kuziendeleza.

Sasa, kabla ya kununua, usiangalie jina la modeli peke yake. Kila kifaa cha USB kina namba mbili za utambulisho, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Ukichomeka tableti na kuandika lsusb kwenye dirisha la amri utaziona. Zinazoanza na 056a ni za Wacom, 256c ni Huion, 28bd ni XP-Pen. Ugumu ni kwamba baadhi ya watengenezaji wametumia namba moja ya bidhaa kwa modeli nyingi zisizofanana. Mtu anasoma mahali kwamba tableti fulani inakubali, ananunua ndugu yake yenye jina linalokaribiana, na vitufe vya pembeni havifanyi kitu. Tafuta ushuhuda wa mtu mwenye modeli ile ile, na kama inawezekana toleo lile lile. Muuzaji akikuruhusu kuijaribu kwa laptopu yako mwenyewe, jaribu mambo haya: mstari unanenepa ukikandamiza? Kishale kinafuata kalamu kabla haijagusa? Kitufe cha kwenye kalamu kinaitika? Ukipata hayo matatu, mengine yanatengenezeka.

Yanatengenezeka kweli. Tangu keneli ya Linux toleo la 6.3, lililotoka mwaka 2023, kuna njia inayoitwa HID-BPF ya kurekebisha data za kifaa kwa programu fupi inayopakiwa juu ya keneli, bila kuunda keneli upya na bila kungoja toleo lijalo. Kitufe kinachotuma ishara isiyo sahihi, au kalamu inayojitangaza kuwa ni kifutio, hurekebishwa kwa mistari michache ya msimbo. Mambo haya ni ya waandishi wa programu, najua. Nayataja ili mchoraji ajue kwamba mtu anayemsaidia ana zana, na kwamba kusema "tableti hii haikubali" mara nyingi ni kukata tamaa mapema.

Kuhusu zile namba 8192, na siku hizi 16384. Mkono wa binadamu hautofautishi viwango hivyo. Picha nzuri sana zimechorwa kwa kalamu za viwango 1024 na 2048. Kinachohisiwa na mkono ni uzito wa mguso wa kwanza: kalamu inaanza kuandika ukiigusisha tu, au mpaka uisukume? Kalamu inayodai nguvu mwanzoni itakunyima mistari myembamba na itakuchosha kifundo cha mkono, hata ikiwa na viwango vingapi. Baada ya hapo jambo kubwa ni mkunjo wa mgandamizo. Kwenye Krita, programu ninayochorea, umo katika mipangilio ya tableti: mchoro mdogo unaoonyesha nguvu ya mkono inabadilishwaje kuwa nguvu ya brashi. Mwenye mkono mzito anaukunja kwa upande mmoja, mwenye mkono mwepesi kwa upande mwingine. Nawasihi wanafunzi watumie saa nzima hapo, siku ya kwanza, kabla ya kupakua brashi za watu. Nimekutana na wachoraji waliofanya kazi miaka na mkunjo uliokuja na programu, na maumivu ya mkono wameyakubali kama sehemu ya kazi. Si sehemu ya kazi.

Kitu kingine kidogo kinachoharibu uchoraji bila mtu kugundua ni uwiano. Tableti nyingi zina uwiano wa 16 kwa 10, na skrini nyingi ni 16 kwa 9. Ukiacha tableti nzima ifunike skrini nzima, duara unalochora kwa mkono linatoka limebanwa kidogo. Weka kifuniko cha chupa juu ya tableti, kizungushie kalamu, kisha tazama skrini. Kama ni yai, ingia kwenye mipangilio na upunguze eneo la tableti mpaka liwe duara. Ukiwa na skrini mbili tatizo linakuwa kubwa zaidi, maana kalamu itatandaa zote mbili. GNOME na KDE Plasma, mazingira ya madirisha na menyu yanayotumika kwenye Linux, yote yana ukurasa wa tableti unaokuruhusu kuifunga kalamu kwenye skrini moja. Zamani tulitumia amri ya xsetwacom kwa kazi hiyo. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, amri hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo maelekezo mengi ya miaka iliyopita mtakayoyasoma hayatawasaidia, na si kosa lenu.

Niingie kwenye programu.

Mimi huchora kwa Krita. Mizizi yake iko mwishoni mwa miaka ya 1990 ndani ya mradi wa KDE, na kwa miaka mingi ilikuwa programu ya kila kitu na ya hakuna kitu, mpaka wasimamizi wake walipoamua kwamba itakuwa ya wachoraji: watu wa katuni, vielelezo, mandhari za michezo ya kompyuta. Uamuzi huo ndio ulioifanya iwe ilivyo. Ukibofya kitufe cha kulia cha kalamu, duara la brashi na rangi linatokea pale pale mkono ulipo. Turubai unaizungusha kama karatasi. Kuna kitulizo cha mstari kwa wanaochora wino, kuna msaada wa mistari ya upeo wa macho, kuna uhuishaji wa fremu kwa fremu. David Revoy, mchoraji wa Ufaransa, amekuwa akichora vichekesho vyake vya mtandaoni kwa Krita kwa zaidi ya miaka kumi na kuvitoa kwa leseni huria, pamoja na faili zake za kazi na brashi zake. Mwanafunzi anayetaka kujua ukurasa wa kitaalamu umejengwa kwa matabaka gani, yaani picha zilizopangwa moja juu ya nyingine, hana haja ya kukisia. Anafungua faili na kutazama.

Kwa nembo na maandishi ya mistari safi natumia Inkscape. Kwa picha za kamera na usafishaji wa michoro iliyoskaniwa natumia GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na limeleta kitu tulichokisubiri muda mrefu: vichujio vinavyokaa juu ya tabaka bila kuiharibu picha ya chini, ukabadili mawazo kesho. Kurasa za kitabu nazipanga kwa Scribus.

Na kwa umbo la pande tatu kuna Blender, ambayo historia yake naomba kila mchoraji aijue. Mwanzoni ilikuwa programu ya kampuni. Kampuni ilipofungwa mwaka 2002, Blender ingezikwa nayo, kama zilivyozikwa programu nyingi nzuri. Muasisi wake, Ton Roosendaal, aliwaomba wawekezaji waliokuwa na haki ya msimbo wautoe. Wakakubali, kwa bei ya euro 100,000. Mfuko ulianzishwa, wito ukatolewa kwa watumiaji, na ndani ya wiki saba fedha zikapatikana kutoka kwa watu wa kawaida waliochanga kidogo kidogo. Tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo ukatolewa kwa GPL, leseni inayomruhusu kila mtu kuutumia, kuubadili na kuugawa. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayeweza kuifunga tena. Kila ninapoifungua Blender nakumbuka kwamba wachoraji waliinunua zana yao kutoka kaburini, wakampa kila atakayezaliwa baada yao. Sijui tendo zuri kuliko hilo katika historia ya ufundi wetu.

Wapo wanaouliza kwa hofu kama leseni ya GPL inafanya picha zao nazo ziwe za wote. Hapana. Leseni inaihusu programu. Picha uliyoichora ni yako, unaiuza unavyotaka, kwa masharti unayotaka, na programu haina dai lolote juu yake.

Ila picha kuwa yako ni jambo moja, na kuweza kuifungua ni jambo lingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na faili lililofungwa kwenye umbizo la siri la programu ya kukodi kwa mwezi ni nguo ya kuazima: siku ukikosa kodi, kazi zako za miaka kumi unazitazama kwa nje. Sasa chukueni faili la Krita, lenye kiambishi cha kra. Badilini kiambishi kiwe zip, kisha lifungueni. Mtakuta ndani maelezo ya matabaka yaliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida, data za kila tabaka, na picha kamili iliyounganishwa ya PNG inayoitwa mergedimage. Hata Krita ikitoweka duniani kesho, picha iko pale. Umbizo la OpenRaster, lililobuniwa mwaka 2006 ili programu za kuchorea zibadilishane matabaka, nalo limejengwa hivyo hivyo. SVG, umbizo la Inkscape, ni maandishi matupu, kiwango kilichotangazwa mwaka 2001 na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Mimi nikimaliza kazi huhifadhi kra, ora (yaani OpenRaster) na PNG, vyote vitatu, na nakala kwenye diski mbili pamoja na sehemu nyingine iliyo mbali na nyumba. Hapo sina zaidi la kusema, fanyeni tu.

Kompyuta yenyewe. Hapa watu hupoteza fedha nyingi, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, jumla kama milioni 8.7. Kila pikseli ina chaneli nne: nyekundu, kijani, buluu na uwazi. Kwa biti 8 kila chaneli ni baiti moja, kwa hiyo tabaka moja lililojaa ni megabaiti 35 hivi. Kwa biti 16 ni karibu 70. Matabaka hamsini yaliyojaa kwa biti 16 ni gigabaiti tatu na nusu, na bado hujaweka historia ya kutendua, ambayo nayo inakaa kwenye kumbukumbu. A3 ni mara mbili ya hapo. Krita inapunguza mzigo kwa kuikata turubai katika vigae vya pikseli 64 kwa 64 na kutoshika nafasi kwa vigae vitupu, hivyo tabaka lenye jicho moja tu halikuli sana. Hata hivyo mtaona kwamba RAM ndiyo mahali pa kwanza pa kuweka fedha. Gigabaiti 16 zinamtosha mchoraji wa vielelezo. Anayechora mabango makubwa aende 32. Gigabaiti 8 zinawezekana kwa mtu anayeunganisha matabaka mapema, na watu wanafanya kazi nzuri nazo.

Kadi ya picha ni ya pili, au ya tatu. Brashi za Krita zinahesabiwa na prosesa, na kadi inasaidia kuionyesha turubai, kuizungusha na kuivuta karibu. Kadi iliyounganishwa ndani ya prosesa ya Intel au AMD inatosha, na draiva zake ni huria, zinakuja na mfumo. Kwa Blender ni habari nyingine: ukitengeneza taswira kwa Cycles, injini yake ya kukokotoa picha, kadi yenye nguvu inageuza usiku mzima kuwa saa moja au mbili. NVIDIA ina kasi sana hapo, lakini sehemu kubwa ya programu yake bado imefungwa, ingawa mwaka 2022 walitoa msimbo wa moduli zake za keneli. Kwa hiyo mchoraji wa pande mbili asikubali kushawishiwa anunue kadi kubwa. Fedha hiyo anunue skrini.

Ndiyo, skrini, maana picha unayoiona ndiyo unayoihukumu. Skrini ikiwa na ubuluu, utazipaka nyuso rangi ya joto kupita kiasi bila kujua, na kila mtu mwenye skrini sahihi ataziona zimeungua. Tafuta skrini yenye kioo cha aina ya IPS, inayofunika wigo wa kawaida wa rangi za skrini, sRGB, wote au karibu wote. Kisha ipime. Macho hayapimi rangi, kwa sababu yanazoea. Kipima rangi ni kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo, nacho kinasoma rangi moja baada ya nyingine, na programu huria ya ArgyllCMS, iliyoandikwa na Graeme Gill, inatengeneza profaili ya ICC, yaani faili linaloeleza jinsi kifaa kinavyoonyesha rangi, kutokana na vipimo hivyo. DisplayCAL inaiwekea madirisha na vitufe kwa wasiopenda amri. Mimi hulenga nyuzi 6500 za Kelvin, gama 2.2, na mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba, au pungufu kidogo nikiandaa kazi ya kuchapishwa. Richard Hughes, aliyeandika colord, mfumo unaosimamia profaili za rangi kwenye Linux, aliwahi kubuni hata kipima rangi huria kiitwacho ColorHug, mchoro wa umeme na programu yake ya ndani vyote vikiwa wazi. Kipima rangi kimoja kinaweza kuhudumia kundi zima la wachoraji. Nunueni kwa pamoja, kila mmoja apime skrini yake baada ya miezi michache, akirudishe.

Baada ya kupima, zimeni ile mwanga wa usiku inayoipaka skrini umanjano ikifika jioni. Nimesimamia kazi za vijana ambapo hitilafu yote ya rangi ilikuwa hiyo. Na jua lisipige kioo moja kwa moja.

Kuhusu Wayland na rangi niseme kwa ufupi, kwa sababu mambo yanabadilika. Kwa muda mrefu Wayland haikuwa na njia ya pamoja ya programu kuieleza skrini kuhusu rangi, na wengi wetu tulibaki na X11, mfumo wa zamani wa madirisha, kwa sababu hiyo. Itifaki ya usimamizi wa rangi ilikubaliwa Februari 2025 baada ya mjadala wa miaka. Mazingira na programu zinaendelea kuipokea, kila moja kwa mwendo wake. Mwenye kazi ya rangi nyeti ahakikishe kwanza kwamba mazingira yake na programu yake vyote vinaielewa, ndipo ahame.

Kwa wanaochapisha: msigeuze picha kuwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa uchapishaji, mapema. Choreni kwa RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu za skrini, ombeni profaili ya ICC kutoka kwa mchapishaji, kisha Krita iwaonyeshe kwa uhakiki wa skrini jinsi karatasi itakavyopokea rangi. Buluu kali na kijani cha kung'aa vitafifia mbele ya macho yenu, na ni afadhali vififie kwenye skrini kuliko kwenye nakala elfu moja.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo linalonipa hamu ya kusimama mbele yenu. Programu hizi zinaandikwa na watu wachache kuliko mnavyodhani. Anayeweza kuchangia fedha achangie, hata kidogo, na Krita unaweza pia kuinunua kwenye maduka ya programu ingawa inapatikana bure, ili wanaoiandika walipwe. Lakini mchoraji ana mchango mwingine usiohitaji fedha. Kuna maktaba inayoitwa libwacom, ambayo licha ya jina lake inahifadhi maelezo ya tableti za kampuni nyingi: jina, namba za USB, ukubwa wa eneo la kuchorea, idadi ya vitufe na vilipo, aina ya kalamu. Mazingira ya kompyuta husoma hapo ili kujua tableti yako ikoje. Maelezo ya kila tableti ni faili fupi la maandishi ya kawaida. Halihitaji mtu ajue kuandika programu. Linahitaji mtu mwenye tableti mkononi, rula, na subira ya kubonyeza kila kitufe na kuandika kinatuma nini. Tableti isiyomo pale ni kwa sababu hakuna aliyekaa nayo akafanya hivyo.

Kuripoti hitilafu nako kuna ufundi wake. Usiandike "kalamu haifanyi kazi." Andika toleo la Krita, toleo la mfumo, X11 au Wayland, namba mbili za USB, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, kikatokea nini. Krita ina kipima matukio ya tableti kinachoandika kila kinachotoka kwenye kalamu. Nakili maandishi hayo, yaambatanishe. Ripoti ya namna hiyo inamwokolea mtunzaji siku nzima, na mara nyingi marekebisho yanayotokana nayo yanawafikia watu wa modeli yako kila mahali.

Mliokuja na tableti zenu, naomba mzitoe sasa. Hapa mezani kuna laptopu mbili zenye Linux, moja ya GNOME na moja ya Plasma. Tutazichomeka moja moja, tutaandika namba zake, tutajaribu mgandamizo, mwinamo na vitufe, na ambayo haijulikani tutaiandikia faili lake leo hii hii. Tuanze na yenye waya mfupi iliyo hapo mbele, kisha tuzunguke kuelekea mlangoni.